Namna ya Kuijenga Kazi ya Mpiga Kinanda na Mwalimu wa Muziki Ukiwa Tabora au Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana ambaye tayari anapiga kinanda katika parokia au usharika wake, iwe Tabora mjini, Urambo, Ujiji au Kasulu, na ambaye anataka upigaji huo uwe kazi yake: apige ibadani, afundishe, na hatimaye akae mbele ya hadhira iliyokuja kusikiliza kinanda chenyewe. Njia hiyo ipo, ingawa ni ndefu. Haianzi jukwaani, wala haianzi kwa kununua kinanda cha gharama kubwa. Huanza kwa kusoma nota vizuri kiasi cha kuweza kumfundisha mwingine, kwa sababu katika miji yetu mwanafunzi ndiye atakayekulisha muda mrefu kabla hadhira haijalijua jina lako.

Hali hiyo isikuvunje moyo, kwa maana hata huko Ulaya, ambako vinanda vya mabomba vimejaa makanisani, wapigaji walioishi kwa maonyesho peke yake ni wachache. Johann Sebastian Bach aliajiriwa kupiga kinanda kanisani Arnstadt mwaka 1703 akiwa na umri wa miaka 18, na alipohamia Leipzig mwaka 1723 sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwafundisha muziki wavulana wa shule. César Franck alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Sainte-Clotilde mjini Paris, na kuanzia mwaka 1872 alifundisha kinanda katika chuo cha muziki cha mji huo. Anayepiga misa ya asubuhi, akafundisha watoto mchana na kuandaa onyesho mara moja kwa mwaka hafanyi kazi ya kubahatisha. Anafanya kazi ileile waliyoifanya hao.

Kinanda ulicho nacho

Utakutana na vinanda vya aina tatu. Kipo kinanda cha mabomba, ambacho sauti yake hutokana na upepo unaopita ndani ya mabomba ya chuma au ya mbao. Katika safu inayoitwa ya futi 8, bomba refu kuliko yote lina urefu wa karibu mita 2.4, safu ya futi 4 hulia oktavu moja juu yake na safu ya futi 16 hulia oktavu moja chini yake. Hesabu hizo uzijue mapema, kwa sababu zimeandikwa hata kwenye vinanda vya umeme vinavyoiga sauti za mabomba, na asiyezielewa hubaki kubonyeza kwa kukisia. Ipo pia harmoni ya kukanyaga, ambayo ukibahatika kuikuta katika misheni ya zamani, usikubali itupwe kabla fundi seremala mwenye subira hajaangalia viriba vyake na mbao zilizoliwa na mchwa. Cha tatu, na ndicho utakachokipiga karibu kila siku, ni kinanda cha umeme chenye vibonye 61.

Wapo watakaokuambia kwamba bila vibonye 88 hujafika popote. Hiyo ni kweli kwa piano. Kwa kinanda cha kanisani, oktavu tano, yaani vibonye 61, ndicho kipimo cha kawaida cha safu ya mkono katika vinanda vingi vya mabomba vya siku hizi, kwa hiyo kinanda chako kidogo hakikupunguzii kitu mikononi. Unachokosa ni safu ya pili ya mikono na vibao vya miguu, na hayo yote mawili yana dawa, kama nitakavyoeleza.

Tunza chombo. Kiangazi cha Tabora huleta vumbi jepesi linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, na dalili yake ya kwanza ni kibonye kimoja kuacha kulia, au kulia kwa nguvu kupita vingine. Chini ya vibonye kuna raba ndefu zenye vidoa vyeusi vya kaboni, ambavyo hugusa bodi kila unapobonyeza. Vumbi likikaa katikati, mguso unapotea. Fundi redio mzuri hufungua skrubu, huinua raba, hupangusa vidoa na bodi kwa pamba yenye spiriti kidogo, huacha vikauke na kurudisha kila kitu mahali pake. Simama karibu utazame, kwa sababu ni kazi utakayoifanya mwenyewe miaka mingi. Baada ya kila matumizi funika kinanda kwa kitambaa kizito. Nailoni si nzuri, hasa Kigoma, ambako unyevu wa ziwa hubaki chini yake.

Kuhusu umeme, soma maandishi yaliyo nyuma ya kinanda kabla ya kununua adapta mbadala. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha hutumia volti 12, lakini si kila adapta ya volti 12 iliyopo dukani ina chanya na hasi mahali panapotakiwa, na adapta iliyogeuzwa inaweza kuunguza bodi. Weka stebilaiza. Weka pia betri ndani ya kinanda kila Jumapili kama kina nafasi yake, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya Utukufu, kwaya itaendelea kuimba, na wewe unatakiwa uendelee nayo katika sauti ileile.

Mikono

Hapa ndipo panapotenganisha mpiga kinanda na mtu anayejua kubonyeza kinanda.

Sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya. Sauti ya kinanda cha mabomba, na ya kila chombo kinachoiga mabomba, haififii: huanza, hubaki palepale, na hukatika pale tu unapoinua kidole. Tena kubonyeza kwa nguvu hakuongezi chochote. Maana yake ni kwamba huwezi kuipa nota uzito kwa kuipiga kwa nguvu. Unaipa uzito kwa namna unavyoimaliza ile iliyoitangulia. Ukiacha mwanya mdogo kabla ya nota, nota hiyo husikika ina mkazo. Usipoacha mwanya, zote huungana kuwa mstari mmoja. Kwa hiyo mpigaji hujifunza kuinua kidole kwa usahihi uleule anaoutumia kukishusha, jambo ambalo wengi waliojifunza kwa kusikiliza tu hawajawahi kulifikiria.

Chukua wimbo wowote wa sauti nne ambao kwaya yako inaujua, tuseme katika F, na uufanyie kazi hivi. Piga besi peke yake kwa mkono wa kushoto huku ukiimba sauti ya teno kwa mdomo. Kisha piga teno na besi pamoja kwa mkono huohuo huku ukiimba alto. Kisha soprano na alto kwa mkono wa kulia, polepole, ukihakikisha kwamba nota ya alto inayobaki palepale kutoka pigo moja hadi jingine haipigwi tena, inashikiliwa tu, wakati soprano juu yake inarudiwa waziwazi kama maneno yanavyodai. Nota ya soprano inayorudiwa inyang'anye nusu ya urefu wake: robo iwe nusu ya robo na kimya cha nusu ya robo. Mwishoni mwa kila mstari wa shairi inua mikono yote miwili pamoja, kwa muda ambao mwimbaji anahitaji kuvuta pumzi. Waumini watavuta pumzi nawe bila kuambiwa, na utashangaa jinsi kanisa zima linavyoacha kuburuta wimbo.

Vidole vyenyewe vinahitaji mbinu moja ambayo mpiga piano huihitaji mara chache. Ukiwa umeshikilia nota kwa kidole cha tatu na unahitaji kidole hicho kiende kwingine, badilisha kidole juu ya kibonye hichohicho bila kukiachia: cha tano kinaingia, cha tatu kinatoka, sauti haikatiki. Fanya zoezi hilo kwenye skeli, nota moja moja, mpaka lisikike kama hakuna kilichofanyika. Ni zoezi la kuchosha, na majirani watakuuliza kama kinanda kimeharibika.

Sasa niseme juu ya kitufe cha kuhamisha sauti, kile ambacho humwezesha mtu kupiga kila kitu katika C au F na mashine ikampandishia au kumshushia. Kwa maoni yangu kitufe hicho kimewalemaza wapigaji wengi wenye vipaji kuliko ukosefu wa walimu. Anayekitegemea hawezi kusoma nota iliyoandikwa katika A au E flati, hawezi kupiga kwenye kinanda cha mabomba ambacho hakina kitufe hicho, na hawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini vidole vinapita pale vinapopita. Kizime. Staili za ngoma zinazojipiga zenyewe nazo zizime unapofanya mazoezi; mwendo utunzwe na metronomu ya kwenye simu, na baadaye utunzwe na wewe mwenyewe.

Kuhusu kusoma, kwaya zetu nyingi bado zinaimba kwa maandishi ya d, r, m (yaani do, re, mi), na hiyo ni akiba kubwa, kwa sababu sikio lako tayari linajua umbali kati ya sauti na sauti. Kinachobaki ni kuipeleka elimu hiyo kwenye mistari mitano. Njia ya haraka niijuayo ni kunakili kwa mkono: chukua wimbo ulioandikwa kwa herufi, uuandike upya kwenye mistari mitano kwa penseli, sauti zote nne, kisha uupige ulichokiandika na kusahihisha. Ukishazoea, fanya kazi hiyo kwa programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure. Wengi waliozoea Finale, programu nyingine ya kuandika nota, wanajua kwamba watengenezaji wake walitangaza mwaka 2024 kuacha kuiendeleza, kwa hiyo anayeanza leo hana sababu ya kuanzia huko. Kwa nyimbo za kwaya za Kiswahili, tovuti ya Swahili Music Notes ina hazina kubwa. Kwa muziki wa kinanda ambao hakimiliki yake imekwisha, kama wa Bach na Franck, tovuti ya IMSLP inakupa nakala za kupakua na kuchapisha. Franck aliacha vipande vingi vifupi vya harmoni visivyohitaji miguu, na mtu mwenye vibonye 61 anaweza kuvipiga kama vilivyoandikwa.

Miguu

Usisubiri kinanda cha mabomba ndipo ujifunze miguu. Safu ya miguu ya kinanda cha kawaida ina vibao 30 au 32, lakini wa kuanzia anatosheka na vibao 13, kutoka C hadi C, na hivyo seremala wa Tabora anaweza kuvitengeneza wiki hii. Mkoa wetu unasifika kwa mninga, na vipande vinavyobaki karakana inapotengeneza vitanda vinatosha kabisa. Mpe vipimo hivi: kutoka katikati ya kibao kimoja cheupe hadi katikati ya kinachofuata ni karibu sentimita 6.4, vibao vyeusi vimeinuka juu ya vyeupe na vimekaa nyuma zaidi, ili kisigino kisivigonge, kila kibao kirudi juu chenyewe kwa springi. Havihitaji kutoa sauti. Unapiga kwa miguu, unaimba besi kwa mdomo, na mikono iko kwenye kinanda halisi kilicho juu ya meza. Fundi wa umeme mwenye ujuzi anaweza baadaye kukufungia swichi chini ya kila kibao, akitumia bodi ya kinanda kibovu.

Benchi liwe la mbao ngumu na la urefu unaokuwezesha kugusa vibao vyote bila kuning'inia wala kukunja mgongo. Viatu viwe vyembamba, vyenye soli ya ngozi na kisigino kifupi; soli ya raba hunata kwenye mbao. Fundi viatu wa sokoni akielezwa vizuri atakubadilishia soli ya viatu vya zamani.

Magoti yakae karibu karibu. Usitazame chini. Ncha ya kiatu itafute mwanya ulio kati ya makundi ya vibao vyeusi, kama vile mwanya kati ya D diyezi na F diyezi, na kutoka hapo ujue mahali pa kila nota nyingine kwa kugusa. Kisha fanya mazoezi kwa mpangilio huu, na usiuruke: mkono wa kulia na miguu, mkono wa kushoto na miguu, mikono miwili bila miguu, mwishowe vyote. Hatua ya pili ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono wa kushoto umezoea kushika besi na utataka kuifuata miguu kila inapokwenda. Itengee muda mwingi kuliko hatua nyingine tatu zikijumlishwa.

Ukiwa na kompyuta mpakato, unaweza kuunganisha kinanda chenye tundu la USB na programu ya bure iitwayo GrandOrgue, ambayo hutoa sauti zilizorekodiwa kutoka vinanda halisi vya mabomba. Ukipata kinanda cha pili, fundi wa kuchomelea atakutengenezea stendi ya ghorofa mbili, nawe utakuwa na safu mbili za mikono. Kwa muziki wenye miguu, anza na mkusanyo wa Bach uitwao Orgelbüchlein, ambao yeye mwenyewe aliukusudia kumfundisha mpigaji anayeanza.

Elimu rasmi na vyeti

Tabora na Kigoma hazina chuo kikuu kinachofundisha kinanda cha konseti, kwa hiyo utachagua kati ya kusafiri na kujisomea. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, hufundisha muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha hutoa shahada. Kwa anayejisomea, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, ina ngazi 8, na ile ya nadharia ngazi ya 1 hadi ya 5 hufanywa kwenye kompyuta. Kwa kawaida huruhusiwi kuingia ngazi ya 6 ya upigaji kabla hujafaulu ngazi ya 5 ya nadharia, kwa hiyo nadharia isiachwe nyuma.

Mwenye ndoto kubwa zaidi na aujue mfano wa Fela Sowande wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1905 na kujifunza kinanda katika kanisa kuu la Anglikana la Lagos. Alipata stashahada ya juu ya Royal College of Organists, chama cha wapiga kinanda cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1864, na akawa mpiga kinanda wa kanisa la Kimethodisti katikati ya London. Kilichomfikisha huko kilianza kanisani kwao.

Nafasi yako kanisani

Kabla ya kuzungumzia malipo, ijue liturujia kuliko mwanakwaya yeyote. Kwa Wakatoliki, Majilio huhitaji kiasi katika matumizi ya kinanda. Wakati wa Kwaresima kinanda hupigwa kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu, kwa hiyo usiporomoshe vipande virefu wakati wa matoleo halafu ukashangaa paroko akikutazama. Baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Kesha la Pasaka ni vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, kifungu cha 120, ulikipa kinanda cha mabomba heshima kubwa katika Kanisa la Kilatini. Maneno hayo uyakumbuke siku halmashauri ya walei itakapojadili kama inafaa kununua chombo bora. Kwa Wamoravian, Walutheri na Waanglikana, ambao mashairi mengi ya wimbo mmoja huimbwa kwa sauti zilezile, kazi yako ni kubadilisha sauti za kinanda na mpangilio wa chodi ili shairi la tano lisichoshe.

Heshimu mipaka. Mwalimu wa kwaya ndiye anayechagua nyimbo na mwendo. Wewe ukiona mwendo haufai, mweleze baada ya mazoezi, mkiwa wawili, wala si mbele ya wanakwaya. Utangulizi wako uwe mfupi, uchukue mstari wa mwisho wa kiitikio, utoe sauti na mwendo, na umalizike kwa pigo ambalo kila mtu anajua ndilo la kuingilia.

Kisha andikeni makubaliano. Karatasi moja inatosha: misa ngapi kwa wiki, mazoezi siku zipi, nani anatengeneza kinanda kikiharibika, nauli ya vigangoni, na posho ya kila mwezi hulipwa tarehe gani. Harusi ziwekewe malipo yake nje ya posho, yalipwe kabla ya siku yenyewe, kwa sababu baada ya sherehe kamati huwa imevunjika na kila mjumbe anamwelekeza mwenzake. Misiba usitoze. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini mpigaji anayetoza msibani hapati wanafunzi.

Kufundisha

Anza na wanafunzi wanne au watano na kinanda kimoja. Anayesubiri zamu asikae bure: mchoree vibonye vya oktavu mbili kwenye manila, ukubwa uleule wa kinanda, afuatishe kwa vidole anachopiga mwenzake huku akiimba. Kipindi cha dakika 40 kinatosha kwa mtoto. Kiwe na kupiga makofi ya mwendo, kuimba kwa d, r, m, kusoma mstari mmoja mpya wa nota, na wimbo mmoja anaoujua tayari.

Huo wimbo anaoujua usiupuuze. Mzazi anayelipa atakuuliza, tena kwa adabu: "Mwalimu, mwezi wa pili huu, mbona mwanangu bado anapiga skeli tu?" Ana haki ya kuuliza. Ndani ya mwezi wa kwanza mpe mtoto kiitikio cha wimbo wa parokia, soprano kwa mkono wa kulia na nota moja moja za besi kwa mkono wa kushoto, akaupige nyumbani shangazi akisikiliza. Skeli ziendelee palepale, ila zisiwe kitu pekee kinachosikika.

Ratiba na ada vifuate maisha ya watu wa mahali. Katika wilaya za tumbaku, kama Urambo, Kaliua na Sikonge, mzazi huwa na fedha masoko yanapofunguliwa na mkulima anapolipwa, kwa hiyo pokea ada ya miezi kadhaa kwa mkupuo kipindi hicho, umwandikie stakabadhi, na usimsumbue wakati wa kulima. Mvua zikianza, mahudhurio yatapungua. Panga masomo ya nadharia na kunakili wakati huo. Kigoma, katika familia za wavuvi wa dagaa, kalenda ni mwezi wa angani: usiku wa giza taa zinawashwa ziwani na vijana hawaonekani asubuhi, na mbalamwezi ikishika uvuvi hupumzika na wanafunzi hurudi. Mwalimu anayepanga majaribio yake wakati wa mbalamwezi hukuta darasa limejaa.

Shule nazo ni mlango. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na shule binafsi hasa zinatafuta mtu anayeweza kuongoza kwaya na kufundisha ala. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na andalio la somo la muhula mzima lililochapwa, si kinanda begani. Popote unapofundisha watoto, fundisha mahali pa wazi, mlango ukiwa wazi, na mzazi akaribishwe kukaa ndani akitaka.

Kama unatunga pia, sajili kazi zako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kabla hazijasambaa kwenye makundi ya simu bila jina lako.

Onyesho la kwanza

Mwaka 1705 Bach alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt hadi Lübeck, kilomita zipatazo 400, umbali unaokaribiana na wa reli kutoka Tabora hadi Kigoma, ili amsikilize Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda maarufu wa huko. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Wewe panda treni. Kabla hujajitangaza kuwa mpigaji wa jukwaani, kaa walau mara moja karibu na kinanda halisi cha mabomba: kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, lina kimoja, na kanisa kuu la All Saints, Nairobi, lina kingine. Andika barua mapema, ujitambulishe kwa barua ya paroko au mchungaji wako, uombe kusikiliza na, wakikubali, kugusa.

Ukirudi, andaa programu ya dakika 45, isizidi saa moja. Weka vipande unavyovimudu hata siku ambayo mikono inatetemeka, uchanganye muziki wa kinanda wa Ulaya na tenzi za Kiswahili ulizozipangia mwenyewe, na ualike kwaya iimbe katikati ili masikio yapumzike.

Kama onyesho ni ndani ya kanisa Katoliki, fuata maelekezo yaliyotolewa na Roma tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu konseti makanisani. Maombi yaandikwe mapema, yakitaja tarehe, saa, na orodha ya vipande pamoja na watunzi wake, na ruhusa itoke kwa askofu. Kiingilio kiwe bure na milango iwe wazi kwa wote. Muziki uwe wa kidini. Wapigaji wasikae patakatifu, altare na mimbari viheshimiwe, na Ekaristi Takatifu, inapowezekana, ihifadhiwe katika kikanisa cha pembeni. Kwa kuwa huwezi kuuza tiketi, tafuta wafadhili wa kuchapa programu na kulipia mafuta ya jenereta: duka la vifaa vya ujenzi, chama cha akiba na mikopo, wazazi wa wanafunzi wako. Ukumbi wa shule hauna masharti hayo, lakini mwangwi wake kwa kawaida ni duni.

Wiki ya onyesho, fanya mazoezi kwenye chombo chenyewe, saa ileile, jenereta ikiwa inaunguruma, ili ujue mngurumo wake unafunika sauti zipi. Mteue mwanafunzi anayesoma nota akugeuzie kurasa, na mfanye naye mazoezi ya kugeuza, kwa sababu anayegeuza amesimama kwenye taa atakupotezea mstari. Spika ziwekwe nyuma yako au pembeni, zielekee waumini, usizisikie kwa kuchelewa. Rekodi onyesho lote kwa simu mbili, moja ikilenga mikono na nyingine miguu.

Siku chache baadaye mpelekee paroko barua ya shukrani pamoja na nakala ya rekodi, mpe kila mfadhili programu yenye jina lake, na uombe tarehe ya mwaka unaofuata kabla kalenda ya parokia haijajaa ndoa na vipaimara.